“Ni Uzee Tu” Si Jawabu

Katika lugha ya kila siku yako maneno ambayo, yakishatamkwa, humaliza mazungumzo. Miongoni mwao ni haya matatu: “Ni uzee tu.” Mzee akilalamika kwamba haoni vema, huambiwa ni uzee tu. Akisema magoti yanamuuma, akiuliza swali lile lile mara mbili, akiacha kwenda barazani alikozoea kunywa kahawa na kucheza bao na wenzake, jawabu huwa lile lile. Watoto wake hulitamka kwa upole, jirani hulitamka kwa mzaha, na pengine hata mhudumu wa zahanati hulitamka akiwa ametazama urefu wa foleni mlangoni. Baya zaidi ni kwamba mzee mwenyewe hulikubali, akarejea nyumbani na kunyamaza.

Kwa mtu aliyezoea fikra za kisayansi, jawabu la namna hiyo lapaswa kutiliwa shaka mara moja. Sababu inayoeleza kila kitu haielezi kitu chochote. Mwanafunzi wa fizikia akiulizwa kwa nini taa haiwaki, hapewi alama kwa kujibu kwamba taa imechakaa. Hutakiwa achunguze glopu, waya, swichi na umeme wenyewe, kisha aseme kasoro iko wapi. Ni ajabu kwamba uangalifu unaotumiwa kwa taa haujatumiwa sawasawa kwa babu na bibi walio chini ya taa hiyo. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba mengi yanayoitwa uzee yana sababu zinazojulikana, kwamba mengi kati ya hayo yana tiba au msaada, na kwamba mahali pa kuanza kuliacha jawabu hili la uvivu ni shuleni.

Umri na mwili

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi. Umri huo ndio pia ambao mtumishi wa umma katika Tanzania hulazimika kustaafu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wazee wapatao milioni 2.5, yaani takriban watu 6 katika kila 100. Na ilipofanyika sensa ya mwaka 2022, idadi hiyo ilikuwa imepita milioni 3.

Lakini mwili hausomi kalenda. Katika kijiji kimoja huweza kupatikana watu wawili waliozaliwa mwaka mmoja, mmoja bado anapalilia migomba yake, na mwingine hawezi kuinuka kitini bila kushikwa mkono. Kama umri peke yake ungekuwa ndio sababu, watu hao wangekuwa na hali moja. Tofauti iliyopo kati yao ndiyo inayodai kuchunguzwa.

Haifai kukana kwamba mwili hubadilika. Ngozi hupoteza mnyumbuko wake, mishipa ya damu hukakamaa, na kidonda kilichopona kwa siku chache wakati wa ujana huchukua muda mrefu zaidi. Sayansi haijapata njia ya kuyazuia hayo, na anayetembeza dawa ya kurudisha ujana anauza uongo. Hata hivyo, katika mambo yanayompata mzee yako makundi matatu yanayopasa kutenganishwa. La kwanza ni mabadiliko ya umri wenyewe. La pili ni maradhi ambayo huwashika wazee zaidi kuliko vijana. La tatu ni upungufu unaotokana na jinsi mzee anavyoishi au anavyotendewa. Kundi la kwanza huhitaji msaada, la pili huhitaji tiba, na la tatu huhitaji marekebisho. Anayeyafunga yote katika mzigo mmoja uitwao uzee hupoteza nafasi ya kushughulikia hata lile lililo rahisi.

Jicho

Mfano mwepesi ni ule wa kusoma. Mtu akifikia umri wa miaka arobaini na kitu, huanza kulisogeza gazeti mbali na uso. Miaka inavyozidi naye huzidi kunyoosha mkono, hata mkono wenyewe ukawa hautoshi. Bibi aliyekuwa mshoni hodari humwita mjukuu amtungie uzi kwenye sindano.

Ndani ya jicho mna lenzi laini ambayo misuli midogo huifanya itune ili mtu aone kitu kilicho karibu, na kuwa bapa ili aone cha mbali. Lenzi hiyo huongezewa tabaka mpya maisha yote, na kadiri miaka inavyopita huwa ngumu, isiweze tena kutuna. Kijana wa miaka 20 huweza kuona wazi maandishi yaliyo umbali wa sentimita 10 hivi. Mtu wa miaka 60 aghalabu hawezi mpaka yawe karibu mita 1. Hili ni badiliko la umri kweli, nalo halimwachi tajiri wala maskini.

Je, ni sababu ya kuacha kusoma na kushona? Somo la mwanga lilikwisha kujibu. Lenzi mbinuko ikiwekwa mbele ya jicho huipinda miale kabla haijaingia, na kazi iliyoishinda lenzi ya asili ikafanywa na kipande cha kioo. Utafiti uliofanywa katika wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wenye umri wa miaka 40 na kuendelea walikuwa na tatizo hili, na kwamba waliokuwa na miwani ya kusomea walikuwa wachache mno. Kwa hiyo mkulima alikuwa anashindwa kuchagua mbegu, mama alikuwa anashindwa kutoa mawe katika mchele, na fundi cherehani alikuwa anaacha kazi kabla ya wakati wake, wote kwa kukosa kifaa ambacho ni miongoni mwa vifaa vya bei nafuu kabisa katika utabibu.

Mtoto wa jicho ni habari nyingine. Hapa lenzi haikuwa ngumu tu. Protini zilizomo zimegandamana na kuifanya iwe na ukungu kama kioo kilichopigwa na moshi. Ugonjwa huu ndio unaoongoza kwa kupofusha watu duniani, na upasuaji wake kwa kawaida hauchukui hata saa moja. Historia yake yafaa kusimuliwa darasani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari wa macho wa Uingereza, Harold Ridley, alitambua kwamba vipande vya plastiki kutoka vioo vya ndege za kivita, vilivyowaingia marubani machoni, havikusababisha jicho kuvimba kama ilivyotarajiwa. Mwaka 1949, jijini London, alianza kupandikiza lenzi ya plastiki ya aina hiyo mahali pa lenzi iliyoharibika. Wenzake wengi walimpinga kwa miaka mingi. Leo mamilioni ya watu wanaona kwa sababu mtu mmoja hakuridhika na kusema kwamba macho ya wazee ndivyo yalivyo.

Sikio

Upofu huonekana na watu wote, lakini uziwi hujificha. Mzee asiyesikia vizuri hudhaniwa kuwa mkaidi, mwenye kiburi, au aliyepungukiwa akili. Mara nyingi yeye mwenyewe husema: “Nawasikia, ila siwaelewi.” Maneno hayo ni sahihi kisayansi kuliko anavyodhani msikilizaji.

Katika sikio la ndani mtu huzaliwa na seli zipatazo 15,000 zenye vinyweleo, ambazo hugeuza mtetemo wa sauti kuwa ishara ya neva. Zikifa hazioti nyingine. Zinazotangulia kufa ni zile zinazopokea sauti nyembamba. Sauti za irabu, a, e, i, o, u, ni nzito kiasi, kwa hiyo mzee huendelea kuzisikia. Bali konsonanti kama f, s na sh hubebwa na mitetemo ya kasi, nazo ndizo zinazopotea. Maneno “fika”, “shika” na “pika” humfikia karibu kama neno moja, naye hulazimika kubahatisha. Akibahatisha vibaya watu hucheka. Akichekwa mara tatu, siku ya nne haendi barazani.

Hapa msaada huanza na adabu. Yafaa kumkabili mzee uso kwa uso ili aone midomo, kupunguza sauti ya redio, na kusema taratibu kwa matamshi yaliyo wazi. Kupiga kelele hakusaidii, kwa kuwa huongeza nguvu ya irabu ambazo tayari anazisikia. Yafaa pia sikio lichunguzwe, maana wako wazee ambao uziwi wao wote au sehemu yake umetokana na nta iliyoziba tundu la sikio, ambayo mganga huiondoa kwa dakika chache. Mtu wa namna hiyo akiambiwa kwamba ni uzee tu, amehukumiwa kifungo cha upweke kwa kosa la nta.

Miguu

Kuanzia umri wa miaka 30 hivi misuli ya binadamu huanza kupungua kidogo kidogo, na baada ya miaka 60 upungufu huo huongeza kasi. Jamii yenye upendo aghalabu huuharakisha. Watoto humwambia baba aliyestaafu: “Mzee, sasa pumzika.” Jembe huondolewa, ndoo ya maji huchukuliwa na wajukuu, kiti huletwa kivulini. Nia ni njema, lakini msuli usiotumiwa hunywea, awe ni wa mzee au wa kijana aliyefungwa plasta. Baada ya mwaka mmoja wa heshima hiyo, mzee hawezi kwenda chooni bila mkongojo, na watu husema uzee umemwingia ghafla.

Mwaka 1990 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Marekani kwa wazee dhaifu 10 wenye wastani wa umri wa miaka 90, waliokuwa wakiishi katika nyumba ya kutunzia wazee. Kwa muda wa wiki 8 walifanyishwa mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu, wakisimamiwa. Nguvu za miguu za wale waliomaliza ziliongezeka zaidi ya maradufu. Kama uzee peke yake ungekuwa ndio ulioondoa nguvu hizo, wiki 8 zisingezirudisha, kwa maana katika muda huo wazee hao hawakuwa wamepungua umri hata siku moja. Walikuwa wameongeza wiki 8.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwa macho. Utafiti uliofanywa katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikuta kwamba takriban watu 7 kati ya kila 10 wenye umri wa miaka 70 na zaidi walikuwa na shinikizo la juu la damu, na wengi wao walikuwa hawajui. Ugonjwa huu hauumi. Huharibu mishipa kimya kimya mpaka siku ya kiharusi, ambapo mkono na mguu wa upande mmoja hupooza, na wanaosimama kando hugawanyika kati ya wanaosema ni uzee na wanaosema ametupiwa kitu. Kumbe kipimo cha dakika tano kingetangulia kutoa habari.

Kiu

Jambo dogo linalosahauliwa ni maji. Mwaka 1984 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya jaribio ambamo wanaume wazee wenye afya, wa umri wa miaka 67 hadi 75, na vijana wenye afya, walikaa saa 24 bila kunywa maji. Vipimo vya damu vilionyesha kwamba wazee walihitaji maji, lakini hawakuona kiu kama vijana. Na waliporuhusiwa kunywa, walikunywa kidogo kuliko vijana. Kengele ya mwili inayosema “kunywa” hulia kwa sauti ya chini kadiri umri unavyopanda.

Katika nchi zenye joto hili si jambo la kupuuza. Mzee akikaa kutwa nzima bila maji, au akiyakwepa kwa makusudi kwa kuwa choo kiko mbali na njia ina giza, jioni huweza kuzungumza maneno yasiyoeleweka na kushindwa kutambua alipo. Hali hiyo ya kuchanganyikiwa ghafla, kwa saa au siku chache, huletwa pia na malaria, na maambukizo ya njia ya mkojo, na hata na dawa zilizotumiwa vibaya. Ni dalili ya ugonjwa unaotaka matibabu ya haraka. Akili iliyokuwa timamu siku ya Jumatatu haizeeki ifikapo Jumatano.

Kusahau

Wengi huogopa kupoteza kumbukumbu kuliko kupoteza nguvu. Kwanza yapasa kujulikana kwamba kuchelewa kukumbuka jina la mtu, au kusahau miwani ilipowekwa, ni kawaida. Kupotea katika njia ya kwenda nyumbani, kushindwa kutambua kazi ya kijiko, au kubadilika tabia kabisa si kawaida. Hiyo ni dalili ya maradhi ya ubongo.

Madaktari wenyewe walichelewa kulikubali jambo hili. Mwaka 1906 daktari wa Ujerumani, Alois Alzheimer, alieleza habari za mwanamke aliyepoteza kumbukumbu na kufa, na aliyoyaona katika ubongo wake kwa hadubini. Kwa kuwa mwanamke huyo alianza kuugua akiwa bado hajafikia uzee, ugonjwa uliopewa jina la Alzheimer ulihesabiwa kuwa adimu, wa watu wa makamo. Mzee wa miaka 80 mwenye dalili zile zile aliitwa mzee tu. Ilikuwa mwaka 1976 ambapo daktari wa Marekani, Robert Katzman, alitoa hoja yenye nguvu kwamba ugonjwa ni mmoja, na kwamba kuutenga kwa kigezo cha umri hakukuwa na msingi. Kwa muda wa miaka 70, basi, neno uzee lilikuwa limeuficha ugonjwa mkubwa mbele ya macho ya mabingwa.

Utafiti mwingine wa wilaya ya Hai, uliochapishwa pia mwaka 2013, ulikadiria kwamba takriban watu 6 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi walikuwa na maradhi hayo ya kupoteza akili. Hesabu hiyo yafaa kusomwa kwa pande zote mbili. Sita katika mia ni wengi, nao wanahitaji matunzo. Lakini wale 94 waliobaki ni ushahidi kwamba kuvuka miaka sabini si sawa na kupotewa na akili, na kwamba methali isemayo penye wazee haliharibiki neno bado ina msingi.

Kutoka “ni uzee” hadi “ni mchawi”

Huenda mtu akasema kwamba jawabu lisilo sahihi halimdhuru mtu. Yaliyotokea katika baadhi ya sehemu za Kanda ya Ziwa yanakanusha. Kwa miongo mingi huko vikongwe, hasa wanawake, wameuawa kwa kushutumiwa uchawi, na mojawapo ya “ushahidi” uliotolewa dhidi yao ni macho mekundu. Katika Kilifi, pwani ya Kenya, wazee wamewahi kuuawa kwa shutuma kama hizo, na huko mvi zenyewe zimetosha kuwatia hatarini.

Macho mekundu yana maelezo. Mwanamke aliyepika kwa miaka hamsini ndani ya kibanda kisicho na dirisha, akitumia kuni, mabua, au samadi ya ng’ombe mahali ambapo miti imekwisha, amekuwa akioga moshi kila siku. Moshi huo huwasha utando wa jicho na kuufanya uwe mwekundu. Ugonjwa wa vikope, unaoletwa na bakteria na kuenea zaidi penye uhaba wa maji, huacha makovu ndani ya kope, ukageuza nyusi za kope ndani, zikawa zinakwaruza jicho. Huwashika zaidi wanawake, kwa kuwa wao ndio wanaokaa na watoto wenye maambukizo. Macho hayo yangepaswa kusomwa kama hati ya utumishi: hapa yupo mtu aliyewapikia na kuwalea wengine maisha yake yote. Nazo mvi hutokea tu kwa sababu seli zilizo katika shina la unywele zimeacha kutengeneza rangi.

Anayesema “ni uzee tu” na anayesema “ni mchawi” hawalingani kwa uovu, lakini wanafanana katika jambo moja: wote wawili wamepata neno la kuwaepusha na kazi ya kutazama. Mahali ambapo watu wamezoea kutouliza kwa nini macho ya bibi ni mekundu, nafasi ya jawabu hubaki wazi, na mpiga ramli huijaza.

Pingamizi

Wako watakaosema kwamba nchi yenye watoto wengi haina budi kuwatanguliza watoto. Ni kweli kwamba katika sensa ya mwaka 2012 karibu nusu ya Watanzania walikuwa chini ya umri wa miaka 18, na hospitali zina uhaba. Lakini mengi yaliyotajwa hapa hayadai mitambo. Miwani ya kusomea, kuondoa nta, kupima shinikizo la damu, kutoboa dirisha la jikoni, kuacha mtungi wa maji karibu na kitanda, na kumwachia mzee jembe lake dogo ni mambo yaliyo ndani ya uwezo wa zahanati na wa kaya. Isitoshe, wazee na watoto hawagombanii mkate mmoja kama inavyodhaniwa. Katika familia zilizopoteza wazazi kwa UKIMWI, waliobaki kuwalea na kuwasomesha watoto mara nyingi walikuwa bibi na babu. Kumrudishia bibi kama huyo macho yake ni kumtunza na mjukuu.

Wengine watasema kwamba serikali zimekwisha kuchukua hatua. Zimechukua kweli: Zanzibar ilianza mwaka 2016 kutoa pensheni kwa kila mkazi mwenye umri wa miaka 70 na zaidi, na Kenya mwaka 2018 ilipanua malipo yake kwa wazee wa umri huo. Hatua hizo ni za kusifiwa. Lakini fedha haiwezi kununua miwani ambayo mzee hajui kwamba ingemsaidia, wala haitampeleka hospitali mtu aliyekwisha kuaminishwa kwamba hana ugonjwa ila miaka.

Kazi ya shule

Mwanafunzi wa sekondari huweza kueleza kwa ufasaha jinsi kiluwiluwi anavyogeuka chura. Hueleza mimba, kuzaliwa, kukua na balehe. Mara nyingi hadithi ya binadamu huishia hapo, kana kwamba mtu akishakua ametoka katika biolojia. Miaka mingi inayofuata huachiwa methali na vichekesho. Pengo hilo mwalimu anaweza kulijaza bila kungoja vitabu vipya, kwa kuwa vifaa vya somo wako katika kila nyumba.

Mwanafunzi aweza kuchukua rula na ukurasa wa kitabu, akapima umbali mdogo kabisa ambao kila mtu wa nyumbani anaweza kusoma wazi, kuanzia mdogo wake hadi babu yake, kisha akachora grafu ya umbali huo dhidi ya umri. Grafu itapanda, naye atakuwa amejifunza habari za lenzi kwa namna asiyoisahau. Aweza kuhesabu ni mara ngapi watu wa umri mbalimbali wanaweza kuinuka na kuketi kitini kwa sekunde 30, na kuuliza kila mmoja anafanya kazi gani kutwa. Hapo ataona kwamba baadhi ya wazee wanaolima huwashinda watu wa makamo wanaokaa. Aweza kuandika ni vikombe vingapi vya maji ambavyo bibi hunywa kwa siku.

Masharti ni mawili. La kwanza, ruhusa iombwe kwa heshima na maamkizi yanayostahili, na anayekataa aachwe. Mzee si panya wa maabara. La pili, matokeo yarudishwe kwa aliyepimwa. Mwanafunzi akigundua kwamba babu hawezi kusoma mpaka kitabu kiwe umbali wa mita moja, kazi yake haijaisha mpaka amemweleza sababu na kumwambia kwamba iko miwani. Sayansi inayochukua habari kwa wazee bila kuwarudishia kitu haina tofauti na anayechuma embe asipande mbegu.

Mwanafunzi aliyekuwa na umri wa miaka 15 mwaka 2025 atatimiza miaka 60 mwaka 2070. Uzee atakaoukuta wakati huo unatayarishwa sasa, katika mazoea ya fikra yanayojengwa madarasani na majumbani. Akikua akiamini kwamba maumivu ya mzee hayana sababu, atayapokea ya kwake bila kuuliza, na watoto wake watamjibu kwa maneno yale yale matatu. Akizoea kuuliza ni sehemu gani ya mwili iliyobadilika, kwa nini, na ni nini kinachoweza kufanywa, atakuwa amewafaa waliotangulia kabla hajajifaa mwenyewe. Wazee wa leo hawawezi kungoja mwaka 2070. Kwao somo hili lianze muhula huu.